Dawa ya Uani Ina Kipimo na Mpaka

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti hutakosa mtu anayejua dawa. Ukiumwa tumbo Nyamwaga, kabla hujakaa kitako jirani ameshakutajia mzizi. Ukikohoa Natta, wa kwanza kupishana naye njiani atakuelekeza gome la kuchemsha. Ujuzi wa kutaja dawa tunao tele. Tulichopungukiwa ni ujuzi wa kupima, wa kuhifadhi na wa kukoma. Nimeliona hilo kwa kufuatana na vikundi vya akina mama wanaofundishwa kupanda mimea dawa nyumbani kwao. Kila ninapokaa nao naona kwamba somo lile linawahusu hata watu ambao bustani yao ni ndoo mbili kibarazani.

Wilaya hizi mbili ni ndugu wasiofanana. Tarime ni nchi ya milima, migomba na kahawa, yenye ubaridi wa asubuhi na mvua ya kutosha, imepakana na Kenya pale Sirari. Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu, inashuka hadi kwenye mpaka wa hifadhi. Huko ni ng'ombe, pamba, mtama na tembo wanaoingia shambani usiku. Mama wa Tarime akipanda mche huuachia mvua. Mwenzake wa Robanda huumwagilia maji aliyoogea, kisha anauzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wajaluo, kila mmoja ana dawa za bibi yake. Na mvua kubwa ikinyesha, mto ukajaa, zahanati iliyoko ng'ambo huwa mbali kwelikweli. Ndiyo maana watu wa huku hawatumii majani kwa kufuata fasheni. Wamekua nayo.

Lakini mazoea peke yake hayamlindi mtu. Tukumbuke mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Watu wa mkoa wetu wa Mara nao walikwenda, wengine wakiikata mbuga ya Serengeti kwa magari ya kukodi, wamebeba wagonjwa waliokuwa hawawezi hata kukaa. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Babu alifariki Julai 2021, na ule msururu wa magari ulikuwa umeshakwisha miaka mingi kabla.

Katika kisa kile, kinachonikaa moyoni ni mti uliotoa dawa ile. Ulikuwa mugariga, ambao Waswahili huuita mtandamboo, kichaka chenye miiba na vitunda vyeusi ambavyo watoto wa vijijini huvila wakichunga. Kinaota sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hata kandokando ya njia zile zile ambazo magari yalipita kwenda Samunge. Watu walisafiri mamia ya kilomita kukifuata kilichokuwa nyuma ya nyumba. Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, mbachao wenyewe hatukuwa tumeujua: tulijua kula matunda yake tu, hatukujua unafaa nini, haufai nini, na unamdhuru nani. Asiyekijua alichonacho hakawii kumfuata yeyote anayesema anajua.

Wazo la kuwafundisha watu wa kawaida dawa za uani lina historia yake katika ukanda wetu. Miaka ya 1980 mfamasia Mjerumani, Hans-Martin Hirt, alifanya kazi Zaire, ambayo leo ni Kongo, akakuta hospitali hazina dawa ilhali zimezungukwa na mimea. Yeye na Mkongo Bindanda M'Pia wakaandika kitabu cha dawa za asili za nchi za joto, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la anamed, ambalo mafundisho yake yamefika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Utaratibu wake hauna makeke. Watu wanakusanyika, wanaleta mimea yao, wanakubaliana ipi ni ipi, wanajifunza kuikausha, kuipima na kutengeneza mafuta na chai, kisha kila mmoja anarudi nyumbani na miche.

Mche unaogombewa kuliko yote ni artemisia. Nimewahi kuinama juu ya trei ya mbegu zake nisione kitu, nikadhani ni vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Ukizifukia kama unavyofukia mahindi, hazioti kabisa, kwani zinahitaji mwanga. Inabidi uchanganye mbegu na mchanga mkavu au majivu, unyunyize juu ya udongo laini, usifunike, halafu umwagilie kwa ukungu wa maji ili zisisombwe. Miche ikitoka ni midogo kiasi kwamba mama mmoja aliyezoea kupalilia mihogo aliiona akasema, "Hii si kazi ya mikono, hii ni kazi ya macho." Kisha inahamishwa, inalelewa, inavunwa kabla tu haijachanua, na majani yanakaushwa kivulini. Ukiyaanika juani, harufu yake kali inapotea, na nguvu yake pia.

Siku ya somo la vipimo ndiyo niliyoipenda zaidi. Mkufunzi, kijana wa umri wa mjukuu wao, aliweka mizani ndogo ya duka juu ya meza akawaomba wachote kila mmoja kiganja kimoja cha majani makavu, kile kile anachochota akiwa jikoni kwake. Mizani ikasema. Kiganja cha mmoja kilikuwa karibu mara mbili ya cha mwenzake. Bibi aliyekuwa mkubwa kuliko wote hakuona ajabu.

"Mura, mkono wa mganga haupimwi," alimwambia.

"Ni kweli, bibi," kijana akajibu kwa adabu. "Ila siku usipokuwepo, mjukuu wako atachotewa na mkono wa nani?"

Bibi akanyamaza kidogo. Halafu akanyoosha mkono akaomba kizibo cha soda, akachota nacho, akapima, akachota tena, mpaka akajua vizibo vingapi vinafikia uzito uliotakiwa. Alikifunga kile kizibo kwenye pindo la khanga akaondoka nacho. Sidhani kama amewahi kupewa hoja ya sayansi iliyo wazi kuliko ile.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichoipeleka artemisia duniani. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya kale ya matabibu wa kwao, akaona kwamba mmea ulilowekwa na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akabadili njia ya kuutoa utomvu wake ili moto mkali usiuharibu, akapata dawa ya malaria iliyokuja kuitwa artemisinini. Kabla ya kuwapa wagonjwa, mwaka 1972, yeye na wenzake waliijaribu miilini mwao. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Vidonge vya mseto vya ALu, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwishoni mwa 2006, vina mtoto wa mmea huo ndani yake.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Mama akishasikia kwamba dawa ya hospitali imetoka kwenye jani lililopo uani kwake, atauliza swali la haki kabisa: kwa nini nisinywe jani lenyewe? Jibu linahitaji mwalimu mkweli. Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia itumike kutibu malaria, na mwaka 2019 lilirudia msimamo huo. Sababu zake zinaeleweka hata bila darasa. Kiasi cha artemisinini hutofautiana kati ya shamba na shamba, na kati ya msimu na msimu. Haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mgonjwa anaweza kupata nafuu huku vimelea vimebaki, homa ikarudi, na vimelea vilivyoonja dawa kidogo vikajifunza kuizoea. Hofu hiyo si ya mbali. Ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Kagera, watafiti wameshathibitisha vimelea vya malaria vyenye ukinzani wa sehemu dhidi ya artemisinini.

Wapo wanaotetea chai hiyo, na anamed ni miongoni mwao. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali yetu ilituma ndege Madagascar kuchukua kinywaji chenye artemisia. Mjadala huo utaendelea kwenye maabara, ambako ndiko mahali pake. Kwa mama wa Nyamongo mwenye mtoto anayechemka mwili, uamuzi hauhitaji kusubiri mjadala: mtoto achomwe kidole apimwe malaria, akikutwa nayo apewe mseto, na amalize dozi ya siku tatu hata kama siku ya pili ameshaanza kukimbiza kuku. Walimu wazuri niliowasikia hawakuona aibu kusema hivyo mbele ya trei ya artemisia waliyoiotesha wenyewe. Heshima yangu kwao iliongezeka siku hiyo. Mtu akipenda kitu kwa dhati, anaweza pia kukitajia mpaka wake.

Ndani ya mpaka huo, bustani ina kazi nyingi za kufanya. Majani ya mpera yanasaidia tumbo la kuhara, lakini kinachomwokoa mtoto ni maji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu, na zahanati watampa madini ya zinki. Mlonge una majani yanayorutubisha mboga ya mtoto aliyedhoofu, na mbegu zake zilizotwangwa hushusha tope la maji ya mto mpaka ukaona chini ya ndoo. Wanaochota Mto Mara wakati wa mvua wanajua neema hiyo. Hata hivyo, maji yaliyong'aa bado yanataka kuchemshwa, maana vijidudu havionekani kwa macho. Papai bichi lililopondwa limewahi kutumika hospitalini Banjul, Gambia, kusafishia vidonda vya watoto walioungua. Mchaichai, tangawizi na limao humfariji mwenye mafua, na faraja si kitu kidogo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji nauli.

Upande wa pili wa somo ni hatari, na huu ndio unaorukwa na wauzaji wa dawa za chupa stendi. Mafuta ya mwarobaini, ambayo mtu mzima anajipaka bila shida, yamewahi kuwaharibu ubongo watoto wachanga waliopewa kunywa. Mshubiri ukimfaa aliyeungua, haufai kunywewa na mjamzito. Mnanaha unaota kwenye kila jaa na zizi kuukuu, na maua yake meupe yanapendeza, lakini mbegu zake zinamrusha mtu akili na kuweza kumuua. Na lipo gugu karoti, gugu vamizi lililosambaa Arusha na kuonekana hata Maasai Mara, hatua chache kutoka mpaka wetu. Likiwa changa, jani lake limechanikachanika kiasi kwamba mgeni wa artemisia anaweza kuling'oa akijua amepata mche, na lenyewe huwasha ngozi vibaya. Katika masomo yale nimeona walimu wakitumia muda mrefu zaidi kuwafundisha watu kunusa, kushika na kulinganisha, kuliko muda wanaotumia kusifu dawa.

Mahali pa kupanda napo pana somo. Tarime ni nchi ya dhahabu. Ukienda vijiji vya wachimbaji wadogo utakuta karasha linasaga mawe karibu na nyumba, na zebaki inashikwa kwa mikono mitupu. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanarundikwa mahali ambapo kesho watoto watacheza. Mmea haubagui, hunyonya kilichomo ardhini. Mtu akiotesha dawa chini ya lundo la marudio, au kwenye ukingo wa shamba la pamba lililopuliziwa sumu jana, atakuwa anajitengenezea ugonjwa kwa jasho lake. Usafi wa dawa unaanzia kwenye udongo, na udongo hauponyeki kwa maombi ya siku moja.

Kisha kuna swali la nani mwenye ardhi. Mama wa Kikurya anaweza kupanda mchicha na mchaichai karibu na jiko lake bila kuuliza mtu. Mti ni habari nyingine, kwa sababu mti unakaa miaka na unaonekana kama alama ya umiliki. Nimewasikia wanawake wakisema wazi kwamba mwarobaini wataupanda baba mwenye mji akikubali. Mmoja tu alicheka. Alikuwa bibi mwenye nyumba ntobhu, yaani ameoa binti kwa ng'ombe zake mwenyewe ili apate wajukuu wa ukoo wake, na mji ni wa kwake. Alikuwa ameshapanda mwarobaini, mlonge na mpera, na wake za majirani walikuwa wanakuja kuchuma kwake. Kwa hiyo mafunzo yanayowaita wanawake pekee na kuwaacha wanaume kijiweni yanafundisha nusu tu. Wazee wakikubali jambo kwenye mkutano wa ritongo, siku ya pili mama anachimba shimo la mti mchana kweupe.

Kupanda nyumbani kunaokoa na pori. Kuna miti ambayo gome lake likimenywa kuzunguka shina, mti unakufa ukiwa umesimama. Mti mmoja wa milimani, Prunus africana, umechunwa gome Afrika nzima kwa ajili ya dawa ya tezi dume hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Kwa mtu wa Serengeti kuna la ziada: mzizi alioufuata bibi yake miaka hiyo leo unaweza kuwa ndani ya pori la akiba la Ikorongo au Grumeti, au ndani ya hifadhi yenyewe, na kuingia huko na jembe ni kosa. Mwenye mche uani hana ugomvi na askari wa wanyamapori.

Nimetaja ujuzi wa bibi zetu kwa heshima, lakini kurithi kuna kuchagua. Mikono ile ile iliyojua majani ya kukausha kidonda, mingine ilishika wembe wa kuwakeketa mabinti, na majani yakatumika kuficha damu. Sheria ya mwaka 1998 inaliita hilo kosa, na kwenye wilaya hizi bado wasichana wanakimbilia nyumba salama msimu wa saro, yaani wa tohara, ukifika. Kwamba jambo ni la asili hakulifanyi liwe jema. Vivyo hivyo kwa waganga. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Kanda ya Ziwa yetu inajua pia jinsi ramli ilivyowaua bibi vikongwe kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka hamsini. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikuja kumtenganisha tabibu na tapeli: anayetibu au kuuza dawa asajiliwe, ajulikane, aulizwe.

Ramli na bustani vinatofautiana kwa jambo moja, nalo ni uwazi. Mpiga ramli anaishi kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayejua. Mwalimu wa bustani amefaulu siku wanafunzi wake hawamhitaji tena. Ndiyo maana nawahimiza wenye bibi na babu walio hai wachukue daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayopotea haraka kama dawa iliyokuwa kichwani mwa mzee mmoja. Andika jina la mmea kwa Kikurya, kwa Kingoreme, kwa Kiswahili. Bandika jani lililokaushwa. Andika linatumika kwa nini, kwa kipimo gani, na nani asilitumie. Mahali usipojua, paache wazi, kisha muulize mtaalamu wa Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili au ofisa wa afya wa kata yako.

Ndugu msomaji, huhitaji ekari. Anza na mchaichai, mshubiri, mpera na mlonge, uiwekee vibao vya majina yake ili mgeni wa nyumba asikosee. Panda mbali na choo, mbali na karasha na mbali na dawa za pamba. Mgawie jirani mche, na umpe pamoja na kipimo chake. Mwambie muuguzi wa zahanati yako kila jani unalokunywa, bila kuficha. Na mtoto akichemka mwili, asianze na birika. Mpeleke akapimwe kwanza.